Upande wa Bahari Haukukaguliwa

Nilikuwa muuguzi Iloilo, kwetu ng'ambo ya bahari, nikawa muuguzi hapa ugenini Daly City, na kazi hiyo ilinimalizia kinyaa mapema. Nimesafisha vidonda vya kisukari vilivyoingia funza, nimebeba ndoo za wagonjwa waliokuwa wakilia kwa aibu, kisha nikanawa mikono na kwenda kula wali wangu. Wenzangu wodini walikuwa wakisema tumbo langu ni la bati. Basi nikisema kwamba mambo ya jengo letu yalinitapisha, mjue si maneno ya mtu mwepesi.

Ladislao Querubin alikuwa kwetu zaidi ya ndugu. Tulipotua mara ya kwanza, mimi na mume wangu Hermogenes, yeye ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege, mkononi ana makoti mawili ya kuazima, kwa kuwa alijua tumevaa nguo za joto na tunakuja kukutana na ukungu. Yeye ndiye aliyetutafutia nyumba hii ya ghorofa ya pili, moja kwa moja chini ya yake, roshani yetu chini ya roshani yake. Binti yetu Rowena alipozaliwa akamsimamia ubatizo, na tangu siku hiyo akamwita mume wangu Pare na mimi Mare, nasi tukamwita Pare, kama watu wetu wanavyoitana wakishabatiziana watoto.

Jengo zima lilimpenda. Hapa kila mtu anamiliki nyumba yake, lakini paa, kuta na roshani ni mali ya wote, na lazima apatikane mtu wa kuzihangaikia. Ladislao ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na alizihangaikia kweli. Alikuwa akizunguka na bisibisi mfukoni, anakaza hiki, anapaka rangi kile, huku akiulizia afya za watu kwa majina yao.

Hermogenes alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa na maneno yakambakia machache. Ngazi zikamshinda, na lifti hatuna. Nje yake ikawa ni roshani basi. Kila alasiri nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka pale, nikamfunika blanketi, akakaa akitazama ukungu ukipanda kutoka baharini. Ladislao alishuka karibu kila siku kucheza naye drafti. Hermogenes alicheza kwa mkono wa kushoto, polepole, na Ladislao hakuwahi kumharakisha wala kumwachia ashinde kwa kumhurumia. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa makoti.

Baada ya mvua za mwaka juzi akaanza kuomba wachezee ndani. Alisema ukungu unamtafuna magoti. Hermogenes hakubisha, ila mwenzake akishaondoka tu, alikuwa akinyoosha kidole kwenye mlango wa kioo nimtoe nje. Nami nikamtoa. Nilidhani Pare amezeeka.

Sasa, kuna sheria ya ukaguzi wa roshani katika jimbo letu. Ilitungwa baada ya roshani moja ng'ambo ya ghuba kukatika na vijana waliokuwa wakisherehekea juu yake wakafa. Majengo kama letu, yaliyojengwa kwa mbao na kufunikwa lipu, ni lazima yaite mhandisi kila baada ya miaka tisa. Huwa anachagua baadhi ya roshani kwa kura, anatoboa matundu kwenye dari zake, anaingiza kamera ndogo na kuzitazama boriti zilizojificha ndani. Lipu inaweza kuwa nyeupe kama kitambaa cha altareni na ndani kukawa kumeoza.

Ladislao aliuvuta ukaguzi huo kadiri alivyoweza. Mwishowe kampuni ya bima ikatishia kutuacha, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaamua kuuza nyumba yake arudi Iloilo, na mnunuzi hupenda kuona karatasi ya ukaguzi. Mhandisi akaitwa. Siku hiyo niliondoa vyungu vyangu vyote vya mlonge na karela kwenye roshani, nikapiga deki, nikamweka Hermogenes sebuleni, nikachemsha maji ya tangawizi kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja. Kupitia dirisha la ngazini nilimwona upande wa pili wa jengo, ule unaotazama maegesho ya magari, mwanamke mdogo wa umbo juu ya ngazi ndefu, kamera yake ina mkia kama nyoka. Alishinda huko huko. Jioni Ladislao alipita akaniambia kura haikuangukia upande wetu wa bahari. Nikarudisha vyungu vyangu.

Baadaye kidogo ukafanyika mkutano wa wenye nyumba. Ladislao akasimama akatusomea kwamba roshani zilizokaguliwa ni nzima. Watu wakapiga makofi, maana kila mmoja alikuwa ameogopa mchango wa matengenezo. Tukala tambi na maandazi ya nazi. Nami nilipiga makofi.

Jambo lilifumukia katika chumba cha kufulia. Nilikuwa nimeingia na kapu la mashuka ya Hermogenes, nikalitua juu ya meza karibu na kapu la Wigberta. Wigberta ni mama wa ghorofa ya kwanza, ndiye anayetunza funguo za jengo, na hakuna asilolijua. Akalichukua kapu lake, akalisogeza mwisho kabisa wa meza. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi.

Nikamuuliza kama nimemkosea kitu.

"Hapana, dada Femia," akasema, hanitazami usoni. "Ila hicho kifua kikuu cha mzee, daktari anasemaje? Bado kinaambukiza?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Wigberta akaeleza kwamba siku ya ukaguzi alikuwa akimfungulia mhandisi milango. Kura ya kwanza kabisa iliangukia nyumba yetu. Ladislao akamwambia mhandisi asithubutu kuingia, mle kuna mgonjwa wa kifua kikuu. Nyumba iliyofuata, pia ya upande wa bahari, akamwambia ina mbwa mkali. Ya tatu mwenyewe yuko Manila na funguo hazipo. Wigberta alikuwa na funguo hizo mfukoni mwake, lakini alidhani mwenyekiti ana sababu zake. Basi mhandisi akapewa nyumba nyingine za kule kwenye maegesho, ambako upepo wa chumvi haufiki.

Miaka yote niliyofanya kazi wodi ya kifua sikuwahi kuona mtu akisogeza kapu lake kama alivyolisogeza yule mama. Niliyaacha mashuka yakizunguka kwenye mashine, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Ladislao alikuwa sebuleni kwake anafunga vyombo. Maboksi yamejaa mpaka mlangoni. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba Hermogenes ana kifua kikuu.

Hakushtuka. Aliviringisha gazeti kwenye sahani, akaiweka ndani ya boksi taratibu. "Ah, hilo. Ilibidi nipate neno la kumwambia yule mhandisi, Mare. Angeingia na ngazi na vumbi lake, Pare angepata tabu."

"Ungesema ana kiharusi. Ni kweli, na inatosha."

"Kiharusi hakimwogopeshi mtu."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayoulizia afya za watu. Akaniomba niketi. Sikuketi. Akaanza kunieleza kama anayemweleza mtoto: kuna vijana wanaisubiri nyumba yake, mtu na mkewe, wameshakubaliana. Upande wa bahari ukifunguliwa kikaonekana kitu, mauzo yatasimama, na sisi wazee wa pensheni tutatozwa mchango ambao wengine hawatauweza. Alikuwa akitufikiria sisi, alisema. Angeondoka, na kamati mpya ingelitazama jambo hilo kwa utulivu.

Nikamuuliza kama roshani yetu ni nzima au si nzima.

"Mimi si mhandisi, Mare."

"Sikukuuliza kama mhandisi."

Akainama akajisugua magoti. Ni kule kujisugua kulikonifungua macho, kwa sababu papo hapo nilimwona akilini amesimama sebuleni kwetu na boksi la kete za drafti, kila siku tangu mvua zile, akiitazama roshani kupitia kioo na kusema kuna baridi. Nikakumbuka pia kwamba ni yeye aliyekuja na ndoo ya rangi akaipaka dari ya roshani yetu, bila kuombwa, nami nikamkaangia mayai kwa kumshukuru.

"Si magoti," nikamwambia. "Uliacha kukaa pale kwa sababu ulijua."

"Kulikuwa na doa. Doa tu la maji, pale darini na jingine chini ya sakafu yenu."

"Na Hermogenes nikawa namkalisha chini ya doa lako."

Hapo ndipo alipoinua uso, akaniambia kwa upole mkubwa, kama anayetaka kunituliza: "Nililifikiria hilo, Mare, usidhani sikulifikiria. Pare amekonda sana siku hizi. Hana uzito. Ile roshani inamhimili."

Nilishuka ngazi nikishika ukuta.

Hermogenes alikuwa nje. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtoa kabla ya kwenda kufua. Alikuwa ameegemea upande, blanketi mapajani, na juu ya blanketi kulikuwa na chengachenga za kahawia kama unga wa kahawa. Nilikuwa nikizikung'uta kila siku chenga zile, nikidhani upepo unazileta. Wiki iliyopita tu wale vijana walipokuja kuitazama nyumba ya Ladislao, nilisikia hatua zao juu ya vichwa vyetu, na yule mwanamke akisema kwa furaha kwamba hapa ataanika nepi za mtoto. Siku hiyo zilimwagika nyingi mpaka Hermogenes akapiga chafya.

Nikamvuta ndani. Alikataa, akashika fremu ya mlango kwa mkono wake mzima, akasema, "Nje, nje." Nikambandua vidole kimoja kimoja. Nikachukua kisu cha kuparia samaki, nikasimama kizingitini bila kukanyaga kule, nikanyoosha mkono kwenye dari, pale inapokutana na ukuta, nikachoma.

Nilitarajia kugonga kitu kigumu. Kisu kiliingia mpaka kwenye mpini, kama kwenye parachichi lililoiva kupita kiasi. Nilipokichomoa, rangi nyeupe ya Ladislao ikapasuka, yakatoka maji meusi yakanitiririka mkononi mpaka kwapani, yana uvuguvugu, yananata. Nikazungusha kisu, kipande kizima cha lipu kikadondoka. Ndani boriti ilikuwa imegeuka nyuzinyuzi laini za rangi ya damu iliyoganda, na juu yake umeota uyoga, mpana, unaong'aa kwa utelezi, umepangana kama masikio. Wadudu wenye koleo mkiani wakaanza kukimbilia huku na huku. Harufu ilikuwa ya kaburi lililofunguliwa wakati wa mvua.

Haya yote niliyaona na tumbo langu likatulia. Nilifunga mlango wa kioo, nikaenda kunawa mkono jikoni. Ni pale sabuni ilipokuwa inatoa povu ndipo nilipoisikia tena ile sauti ya upole, amekonda, hana uzito, na nikatapika kwenye sinki mpaka nikatoa nyongo. Alikuwa amempima rafiki yake kwa macho, kama mtu anayepima nguruwe sokoni, akaona atafaa.

Namba ya mhandisi ilikuwa kwenye tangazo lililobandikwa karibu na masanduku ya barua. Jina lake Lien Dang. Niliipiga picha ile dari nikamtumia, naye akapiga simu kabla sijaweka simu chini. Hakuuliza mambo ya kamati. Aliuliza kama kuna mtu juu ya roshani yoyote ya upande ule kwa wakati huo, akaniambia nisiruhusu hata paka apite. Asubuhi alikuja na mfanyakazi mmoja. Alitoboa dari yetu, akatoboa ya jirani mwenye mbwa, akaingia na ile ya mtu wa Manila, kwa funguo za Wigberta. Kila mahali sindano yake ndefu ya chuma iliingia bila kusukumwa. Uso wake ulikuwa umekakamaa kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo alikuwa amejielekezea mwenyewe.

"Nilipaswa kung'ang'ania," aliniambia. "Mtu ananiambia kuna mgonjwa, naona haya kuuliza mara ya pili."

Aliniambia pia kwamba kwa hatari ya namna hii sheria haimpi nafasi ya kunyamaza. Kamati itapata taarifa leo hii, na serikali ya jiji nayo itapata yake. Mfanyakazi wake akapigilia mbao kwenye milango yote ya roshani za upande wa bahari, ikiwa pamoja na ya Ladislao. Yule jirani mwenye mbwa, bwana mmoja mnene aitwaye Casimiro, alikuwa akitazama huku anakula karanga. Akasema yeye mlango wake ameufunga mwenyewe tangu mwaka jana, baada ya mguu wa kiti kuzama sakafuni. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Si nilifunga wa kwangu," akasema.

Alasiri hiyo Ladislao akashuka na sufuria ya uji wa wali wa kuku na tangawizi. Alikuwa ameupika mwenyewe, na mayai ameyachemsha akayakata juu yake, kama alivyokuwa akitupikia kila tulipouguliwa. Nikampokea mlangoni, sikumkaribisha. Alinong'ona ili Hermogenes asisikie. Mhandisi alikuwa hajaandika taarifa yake bado, alisema, na mimi ndiye niliyemwita. Nikimpigia nikamwomba asubiri kwa ajili ya mgonjwa wangu, mambo yatachelewa kidogo. Alichohitaji ni wiki moja tu, wale vijana watie sahihi.

"Huyo mwanamke ana mimba," nikamwambia.

"Basi hatakuwa akitoka nje sana."

Nilimtazama mdomoni, kwa sababu sikuweza kumtazama machoni. Mdomo wake ulikuwa safi, wa mzee aliyenyoa vizuri. Akaendelea kuongea. Wale ni vijana, wana miaka mingi mbele ya kulipa madeni, sisi tumebakiza nini. Kisha akatoa lile ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi.

"Mare, mlipofika nchi hii, nani aliwapokea?"

"Ni wewe."

"Basi."

"Makoti yako tulikurudishia, Pare," nikasema. "Na sufuria hii rudi nayo." Sikuweza hata kuigusa. Mvuke wake ulikuwa mzuri, wa tangawizi na vitunguu saumu, na ulinipanda kichwani sawasawa na ile harufu ya boriti.

Yule kijana mnunuzi na mkewe nilikutana nao ngazini siku iliyofuata, wamekuja na futi ya kupimia mapazia. Niliwaleta kwangu, nikawaonyesha kupitia kioo ile dari iliyopasuka, na mbao zilizopigiliwa, nikawaambia roshani waliyosimama juu yake wakicheka ndiyo hiyo, na huo ndio upande wake wa chini. Mwanamke akashika tumbo, akauliza choo kiko wapi. Nilimshikia nywele alipokuwa akitapika. Hawakurudi tena.

Mngedhani jengo lingenishukuru. Jiji lilipobandika karatasi yake nyekundu ya hatari na kamati ikatangaza mchango, watu waliacha kunisalimu. Casimiro alisema kwenye mkutano kwamba wauguzi wamezoea kutafuta magonjwa. Mwingine alisema nina wivu kwa sababu Ladislao anarudi nyumbani na mimi mume wangu hawezi kupanda ndege. Wigberta ndiye aliyesema mbele ya wote, tena kwa upole, akinishika bega.

"Ungenyamaza tu, dada. Tungekarabati polepole, moja moja, bila kuliita jiji."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Na Ladislao alikuwa ameketi palepale mbele, kiti cha mwenyekiti, mikono juu ya magoti, anawasikitikia. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuhusu ile kura. Nilipoieleza mimi, habari ya kifua kikuu na mbwa na funguo za Manila, walitazama chini wakisubiri nimalize, kama wanavyofanya watu mlevi anapoongea msibani. Kisha wakagawana tambi. Nilitoka. Na mpaka leo wapo wanaosogeza makapu yao nikiingia kufua, maana uongo ule haukufutwa na mtu.

Mafundi walikuja kubomoa wakati wa kiangazi. Walivaa barakoa na glavu ndefu, wakazishusha roshani vipande vipande ndani ya pipa kubwa la chuma lililoegeshwa chini. Nyingine hazikuhitaji msumeno, walizivuta kwa mikono. Ya Ladislao ilipotikiswa kwa mtaimbo ilikatika yote kwa pamoja, ikaangukia mahali ambapo kila alasiri nilikuwa nikiegesha kiti cha mume wangu, ikaenda nayo ile yetu mpaka chini. Vumbi lake lilikuwa zito na lenye unyevu. Harufu ilikaa ngazini siku kadhaa, watu wakipita na leso puani. Casimiro alisema unanuka mpaka wali wake.

Wakati wote huo Hermogenes alikuwa akimuulizia rafiki yake. Kila alasiri saa ya drafti alitazama mlango, akasema, "Pare?" Nilimdanganya kwanza kwamba ana shughuli za kuhama. Halafu nikaona nimeanza kufanana na Ladislao na wenzake, nikamkalisha karibu na dirisha nikamweleza: kura, kifua kikuu, rangi ya dari, magoti. Lile la uzito wake sikumwambia. Sijamwambia hata leo, wala sitamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake la upande wa kulia likatoa machozi, lakini hilo hutoa machozi hata anapokula. Akauliza, "Alijua?" Nikamwambia alijua. Akageukia ukutani, na jioni ile hakula.

Ladislao hatimaye aliuza, kwa watu waliojua kila kitu, akaondoka mwezi wa tisa. Asubuhi ya safari alibisha hodi, amevaa suti, amenyolewa. Nilikuwa nimejiapiza kutomfungulia. Lakini Hermogenes aliisikia sauti yake, akaanza kupiga mkono wa kiti, akapiga mpaka nikafungua.

Ladislao alimwendea, akainama, akatoa mkono. Mume wangu akaushika. Nilitegemea autupe, na kusema kweli nilitamani autupe. Aliushika kwa ule mkono wake mmoja, akaung'ang'ania, akauweka kifuani, akalia kwa sauti kama mtoto, "Pare, Pare." Naye Ladislao akalia. Wakaegemezana paji kwa paji, wazee wawili, kamasi zikichanganyika. Mimi niliwaachia sebule, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Akitoka alisimama kwenye korido. Nikafikiri sasa ataomba radhi, na sikujua nitafanya nini akiomba.

"Hakuna aliyekufa, Mare," akasema.

Alilisema kama mtu anayedai haki yake. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ni kweli hakuna aliyekufa, kisha nikafunga mlango.

Sasa tuna roshani mpya za chuma. Bi. Lien Dang alikuja kuzikagua mwenyewe, akazitazama zote, hakupiga kura. Hermogenes anakaa nje tena, na mimi husimama mlangoni zaidi kuliko inavyohitajika. Wigberta anaanika samaki kwenye ya kwake na huwaambia wageni kwamba sisi wa jengo hili tulikuwa wa kwanza mtaani kufuata sheria. Nikimsikia hivyo napita tu.

Rowena huniuliza kwenye simu kama nimemsamehe baba yake wa ubatizo. Namjibu kwamba baba yake mzazi ameshamsamehe, na nyumba moja haihitaji wasamehevu wawili.